Dakika Kumi kwa Mguu Mmoja

Robo ya tatu ilikuwa ikichezwa mjini Oakland, Marekani, tarehe 14 Mei 2017. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa fainali ya ukanda wa Magharibi wa NBA, na San Antonio Spurs walikuwa wakiwaongoza Golden State Warriors kwa zaidi ya pointi 20. Kawhi Leonard alikuwa ameshafunga pointi 26. Muda mfupi kabla, akiwa pembeni karibu na benchi la timu yake, alitua juu ya mguu wa mwenzake David Lee na kuumia enka. Aliinuka, akaupima mguu, akaendelea kucheza. Haikupita muda akaruka tena kurusha mpira, na mara hii mguu uleule ukatua juu ya mguu wa Zaza Pachulia wa Warriors. Enka ikakunjika. Leonard alitoka na hakucheza tena katika mfululizo huo. Spurs walifungwa 113–111 siku hiyo, wakafungwa pia michezo mitatu iliyofuata.

Msimu uliofuata NBA iliwapa waamuzi nguvu ya kurejea picha za video na kumwadhibu vikali beki anayeingiza mguu wake mahali anapotua mrushaji. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini kwenye viwanja vya saruji vya Dar es Salaam, Unguja au Nairobi hakuna video, na si kila mguu unaokanyagwa umewekwa pale kwa hila. Watu wanne watano wanaruka kugombea ribaundi moja chini ya kikapu. Lazima watue mahali, na mahali penyewe ni padogo. Kilicho mikononi mwa mchezaji ni kuiandaa enka yake mwenyewe, na kazi hiyo huanza na jambo jepesi kiasi kwamba wengi hulidharau: kusimama kwa mguu mmoja.

Umbo la kifundo cha mguu linaeleza kwa nini karibu kila anayeteguka hukunja mguu kwa ndani. Shika nundu mbili za mfupa zilizo pande zote za kifundo chako. Utaona ya nje imeshuka chini kuliko ya ndani. Mfupa huo wa nje unauzuia wayo usipinde kwenda nje, ilhali kwenda ndani njia iko wazi zaidi. Ligamenti, yaani zile kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa, nazo hazina nguvu sawa. Ya upande wa ndani ni nene na imara. Za nje ni tatu, nyembamba, na ile ya mbele ndiyo inayochanika kabla ya wenzake. Tena mfupa unaokaa katikati ya kiungo hicho ni mpana mbele na mwembamba nyuma: wayo ukiwa bapa chini, sehemu pana inabana barabara kati ya zile nundu, lakini vidole vikielekea chini, kama vinavyokuwa mtu akishuka kutoka hewani, sehemu nyembamba ndiyo inayoingia na kiungo kinalegea. Kila anaporuka na kushuka, mchezaji wa kikapu anairudia ardhi akiwa katika hali hiyo dhaifu.

Watafiti wa Australia waliochapisha kazi yao mwaka 2001 waliwafuatilia wachezaji wa kikapu katika ushiriki zaidi ya 10,000, yaani kila mara mchezaji mmoja alipoingia uwanjani. Enka ziliumia karibu mara nne kwa kila ushiriki 1,000, na karibu nusu ya majeraha hayo yalitokea wakati wa kutua. Takwimu nzito kuliko zote ilihusu yaliyopita. Aliyewahi kuumia enka alikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kuumia tena kuliko asiyewahi. Na zaidi ya nusu ya walioumia hawakwenda kwa mtaalamu yeyote.

Hali hiyo inafahamika hata huku kwetu. Kijana anateguka Jumamosi, anakandwa kwa maji ya moto na chumvi, anachuliwa, wiki mbili baadaye uvimbe umeshuka na yuko uwanjani. Haumwi, basi amepona. Miezi mitatu baadaye enka ileile inamtoka tena, safari hii hata hakukanyaga mtu.

Sababu ya enka kurudia kuumia ilianza kueleweka mwaka 1965, pale daktari wa mifupa Michael Freeman wa London alipotoa maelezo yake. Ligamenti, alisema, haifungi mifupa tu. Ndani yake mna neva zinazoupasha mwili habari kwamba mguu umeinamia upande gani na kwa kiasi gani. Ligamenti ikichanika, na habari zinakatika. Uvimbe utaondoka na maumivu yatakwisha, lakini mguu utabaki kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba asiyoijua. Tiba aliyoipendekeza haikuwa dawa wala upasuaji, bali kumsimamisha mgonjwa juu ya ubao unaoyumba mpaka mwili ujifunze upya.

Kuna pia suala la muda. Enka hukunjika kwa kitambo kisichofika robo ya sekunde. Misuli inayoshuka upande wa nje wa muundi, ambayo ndiyo ingeuvuta wayo urudi mahali pake, inahitaji karibu milisekunde 60 hadi 70 kuanza tu kuitikia, na muda mwingine zaidi kukusanya nguvu. Anayesubiri kuteguka ndipo misuli ishtuke, mara nyingi amechelewa. Mazoezi ya mizani yanaufundisha mwili kuikaza misuli hiyo kabla mguu haujagusa chini, na kusahihisha mayumbo madogo kabla hayajawa makubwa.

Je, yanasaidia kweli? Mwaka 2006 Timothy McGuine na James Keene wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitoa matokeo ya utafiti wa wanafunzi 765 wa sekondari, wavulana na wasichana wanaocheza kikapu na soka. Karibu nusu yao walifanya mazoezi ya mizani, waliobaki wakaendelea na mazoezi yao ya kawaida. Msimu ulipokwisha, walioteguka enka walikuwa karibu 6 katika kila 100 kwenye kundi la mizani, na karibu 10 katika kila 100 kwenye kundi jingine. Kwa wale waliokuwa na enka zilizowahi kuumia, hatari ilipungua kwa nusu. Hakuna muujiza hapo, maana wapo waliofanya kila kitu na bado wakateguka. Lakini kocha gani atakataa kupunguziwa majeruhi kwa kiasi hicho, tena kwa zoezi lisilogharimu hata shilingi?

Kabla ya kuanza, jipime. Vua viatu, simama kwa mguu mmoja kwenye sakafu kavu, mguu mwingine ukiwa umekunjwa bila kuugusa ule uliosimama, kisha fumba macho na uhesabu sekunde kumi. Ukiutua mguu wa hewani, ukirukaruka kutafuta mahali pa kusimama, au miguu yako ikigusana, umeshindwa. Watafiti wawili wa Marekani, Trojian na McKeag, walitumia kipimo hichohicho kwa wanamichezo 230, na walioshindwa waliteguka enka katika msimu uliofuata mara mbili na nusu zaidi ya waliofaulu. Pima miguu yote miwili. Wengi hushangaa kuona jinsi inavyotofautiana.

Kipimo cha pili kinahitaji chaki na utepe wa fundi cherehani. Chora mstari sakafuni, simama kwa mguu mmoja vidole vikiwa mwanzo wa mstari, halafu nyoosha mguu mwingine mbele uguse mbali uwezavyo kwa ncha ya kidole bila kuuegemea wala kuinua kisigino cha mguu uliosimama. Pima umbali, badili mguu. Katika utafiti wa wachezaji 235 wa kikapu wa sekondari jimboni Indiana, uliochapishwa mwaka 2006, waliokuwa na tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya mguu wa kulia na wa kushoto walikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu wa kuumia sehemu yoyote ya mguu. Andika vipimo vyako kwenye daftari. Utavihitaji baada ya mwezi.

Sasa kazi yenyewe. Mpango wa Wisconsin ulianza wiki nne kabla ya msimu, siku tano kwa wiki, na hakuna sababu ya kuubadili. Wiki ya kwanza ni ya sakafu na macho wazi. Simama peku kwa mguu mmoja, goti likiwa limelegea kidogo, uzito ukigawanyika sehemu tatu za wayo: kisigino, chini ya kidole gumba na chini ya kidole kidogo. Vidole visikamate sakafu kama kucha za kunguru. Vinapokamata namna hiyo ni dalili kwamba misuli ya juu imelala na vidole vinafanya kazi isiyo yao. Kaa hivyo sekunde 30, hamia mguu wa pili sekunde 30, na huo uwe mwendo wako mpaka dakika kumi ziishe. Ukishazoea, uache mguu wa hewani ubembee mbele na nyuma. Kisha shuka kidogo kwa goti la mguu uliosimama, kama anayetaka kukaa kwenye kigoda, na uinuke taratibu. Goti lielekee vidole. Likiangukia ndani, punguza kushuka.

Wiki ya pili, mazoezi yaleyale, macho yamefumbwa. Hapo ndipo mtu anapogundua kiasi ambacho macho yalikuwa yakiibebea miguu mzigo wake. Na macho hayawezi kuubeba mzigo huo uwanjani, kwa kuwa yana kazi nyingine: yanatazama mpira, beki na kikapu. Kwa sababu hiyo, wiki hii ongeza pia mpira huku macho yakiwa wazi. Dunda kwa mkono wa kulia ukiwa umesimama kwa mguu wa kushoto, badili, kisha mwombe mwenzako akurushie pasi, kwanza za kifuani, baadaye za pembeni na za juu, zile zinazokulazimisha kujinyoosha. Mguu uliosimama utatetemeka. Mtetemo huo ndio mazoezi.

Kuanzia wiki ya tatu unaingia ubao. Ubao wa mizani unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mazoezi si rahisi kupatikana kila mji, lakini fundi seremala yeyote anaweza kuutengeneza: plaiwudi nene iliyokatwa duara lenye upana wa sentimita 40 hivi, na chini yake, katikati kabisa, nusu tufe la mbao lililofungwa kwa skrubu kutoka juu. Juu apige msasa kidogo tu, wayo usiteleze. Asiye na ubao akunje godoro jembamba la sponji mara mbili, au atumie mto mgumu. Anayeishi pwani ana mchanga wa ufukweni, ambao hauna bei. Anza kwa miguu miwili ukijaribu kuzuia ukingo wa ubao usiguse chini, halafu mmoja, halafu na mpira. Wiki ya nne fumba macho juu ya ubao, lakini uwe karibu na ukuta au mtu wa kukudaka, na usifanye zoezi hilo kwenye vigae vyenye maji.

Msimu ukianza, mpango unashuka hadi mara tatu kwa wiki, dakika kumi kila mara, mpaka msimu uishe. Hii ndiyo sehemu inayoachwa mapema kuliko zote, na ndiyo isiyopasa kuachwa. Mizani ya mwili si chanjo. Ukiacha kuifanyia kazi inafifia kama pumzi ya mkimbiaji aliyeacha kukimbia.

Hata hivyo, enka haijitegemei, na hakuna aliyelionyesha hilo waziwazi kama Stephen Curry. Leo anajulikana kwa mitupo yake ya mbali. Miaka ya 2011 na 2012 alijulikana kwa enka. Mguu wa kulia ulimtoka mara nyingi kiasi kwamba alifanyiwa upasuaji mwaka 2011, na katika msimu wa 2011/12 alicheza michezo 26 tu. Aprili 2012 akarudi kwenye meza ya upasuaji. Wapo waliodhani mwisho wake umefika, na alipotia saini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44 mwezi Oktoba mwaka huo, fedha hizo zilikuwa ndogo kwa mchezaji wa kipaji chake, sababu ikiwa ni enka hizohizo. Msimu wa 2012/13 alicheza michezo 78. Baadaye mtaalamu wa mazoezi wa Warriors, Keke Lyles, aliona kwamba Curry, mwepesi wa kugeuka na kusimama ghafla, alikuwa akiitegemea mno enka katika kazi ambayo nyonga na makalio yangeibeba vizuri zaidi. Wakampa kazi ya kunyanyua vyuma kutoka sakafuni kwa nguvu ya nyonga, na mazoezi ya yoga ya kusimama kwa mguu mmoja. Mwaka 2015 na 2016 akatangazwa mchezaji bora wa NBA.

Mchezaji asiye na vyuma hana haja ya kukata tamaa. Simama kwa mguu mmoja, inamia mbele mgongo ukiwa umenyooka huku mguu mwingine ukienda nyuma, mpaka kiwiliwili na mguu huo vilingane na sakafu, kisha rudi juu kwa kukaza makalio. Mara kumi kila upande. Baadaye ushike dumu dogo la maji mkononi. Ongeza kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja ili kulijenga shavu la mguu, mara 15 au 20, ukishuka polepole kuliko ulivyopanda.

Halafu kutua, ambako ndiko ajali nyingi hutokea. Ruka hatua moja mbele kwa mguu mmoja, tua, ganda sekunde tatu bila kuyumba. Ruka pembeni, ganda. Ruka na kujigeuza robo duara, ganda. Mlio wa kutua kwako usikike kidogo iwezekanavyo. Mchezaji anayetua kwa kishindo anatua na magoti makavu. Mwisho, ruka kuchukua mpira uliotupwa juu huku mwenzako akikusukuma begani kidogo ukiwa hewani, na utue kwa miguu yote miwili iliyoachana kwa upana wa mabega. Ribaundi za kweli huja namna hiyo, pamoja na mtu.

Wengi watauliza kuhusu sapoti na viatu. Sapoti ya kufunga kwa kamba ina ushahidi mzuri: utafiti mwingine wa McGuine, wa mwaka 2011, uliohusu wachezaji 1,460 wa kikapu katika sekondari 46, ulionyesha kwamba waliovaa waliumia enka mara 0.47 kwa kila mazoezi au mchezo 1,000, dhidi ya 1.41 kwa wasiovaa. Aliyeteguka ndani ya mwaka mmoja uliopita afanye vyote viwili, sapoti na mizani. Ile soksi laini ya mpira inayouzwa kwenye meza za barabarani si hiyo iliyopimwa. Inapasha joto tu. Kuhusu viatu virefu vinavyofunika kifundo, utafiti wa vyuo wa mwaka 1993 uliwagawia wachezaji mamia kadhaa viatu virefu na vifupi, na haukuona tofauti ya maana. Nunua kiatu kinachokukaa, chenye soli isiyoteleza, na fedha iliyobaki usiitumie kwa urefu wa shingo yake.

Na ukiteguka licha ya yote? Toka uwanjani kwanza. Kama huwezi kutembea hatua nne, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mojawapo ya zile nundu za mfupa unapata maumivu, au mfupa wa pembeni katikati ya wayo unauma ukiguswa, nenda hospitali upigwe eksirei. Madaktari dunia nzima wanatumia kanuni hizo tangu zilipotolewa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Siku mbili tatu za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bendeji, inua mguu juu ya mto. Maji ya moto na kuchuliwa vingoje, kwani katika siku hizo huongeza damu na uvimbe mahali palipochanika. Kiungo kikianza kuruhusu, keti na uandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kuanzia A mpaka Z. Ukiweza kusimama bila maumivu, rudi kwenye wiki ya kwanza ya mwongozo huu, hata kama wewe ni nahodha wa timu.

Ruhusa ya kurudi mchezoni isitolewe na kalenda, wala na shauku ya mchezo wa Jumamosi. Itolewe na lile daftari: sekunde kumi macho yamefumbwa bila kuangusha mguu, umbali wa kunyoosha mguu usiotofautiana zaidi ya sentimita 4, na kuruka mara kumi mfululizo kwa mguu ulioumia bila maumivu wala woga.

Ombi ni kwa makocha wa shule, wale wanaoandaa timu za kikapu kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari za Tanzania, na mashindano kama hayo nchi jirani. Wachezaji wenu ni wa umri uleule wa vijana wa Wisconsin, na wengi wao watateguka kwa mara ya kwanza mikononi mwenu. Wiki nne kabla ya mashindano, wapangeni mstari pembeni mwa uwanja wakiwa peku, kila mmoja kwa mguu mmoja, saa ikihesabu sekunde 30. Fanyeni hivyo mwanzoni mwa mazoezi wakiwa na nguvu, msiliache zoezi hilo liwe la mwisho jua likizama. Na yule aliyeteguka mwaka jana, ambaye sasa anasema haumwi tena, muwekeni wa kwanza kwenye mstari.